Mashine Iliyopoteza Hatua

Mimi sijui kungoja. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine. Chai ikiwa moto naimwaga kwenye kisosi niinywe upesi, foleni ya mkate ikiwa ndefu narudi nyumbani na njaa yangu. Mke wangu mpaka leo huwachekesha wageni kwa kuwaambia kwamba siku ya ndoa nilimjibu padri kabla hajamaliza kuuliza. Basi mtu wa namna hiyo kujitengenezea mashine ya polepole kuliko zote zilizopata kuwako Lubumbashi, hiyo ni adhabu niliyojitafutia kwa mikono yangu.

Nilikuwa fundi wa teleksi katika ofisi za kampuni ya serikali ya shaba, miaka ile ambayo kila mtu aliitwa sitwayen, yaani raia, na mwanaume mwenye cheo hakuonekana bila abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai. Teleksi, kwa wale ambao hawakuziona, zilikuwa mashine za kuandikia zinazosemezana kwa waya kutoka mji hadi mji. Unapiga maneno yako, yanatoboa matundu katika utepe wa karatasi, utepe unapita kwenye kisomaji, na kule Kinshasa au Brussels mashine nyingine inaandika yenyewe kana kwamba kuna mtu amekaa mbele yake. Moja ilipozeeka iliandikiwa karatasi ya kutupwa. Nikaiomba, nikapewa, pamoja na boni ya kupitia getini yenye mihuri mitatu. Maabara ya kampuni nayo ikatupa mitambo yake ya kuchora grafu, nikaomba mota mbili zilizokuwa ndani. Shefu wangu akaniuliza nazitakia nini. Nikamwambia nataka kuchezea tu, na kwa wakati huo nilikuwa nasema kweli.

Mota hizo si kama ya feni. Ya feni ukiipa umeme inazunguka mpaka uchoke wewe. Hizi zinakwenda hatua moja kwa kila pigo la umeme: ukipiga mara kumi, zinatembea hatua kumi, zinasimama palepale. Nikawaza, kama tundu la karatasi linaweza kupiga herufi Kinshasa, litashindwaje kusukuma mota hatua moja hapa nyumbani? Nikafunga mota ya kwanza iendeshe meza kushoto na kulia, ya pili mbele na nyuma. Juu yake nikaning'iniza drili ndogo yenye ncha ya chuma kigumu, na sumaku ya umeme ya kuiinua na kuishusha. Unafunga bamba la shaba mezani, unapitisha utepe, na ncha inachonga peke yake huku wewe umekunja mikono. Ilikaa katika chumba cha uani, nyumbani kwetu katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni, na mke wangu aliiita mukemwenza. Nikichelewa kuja kula alisema mukemwenza ameninyima ruhusa.

Ilifanya kazi. Hapo sina la kuficha, ilifanya kazi kabisa, na wenzangu wa ofisini walikuja kuiona wakatoka wakitikisa vichwa. Lakini ilikuwa polepole! Hatua moja haikupita unene wa karatasi, na kisomaji cha teleksi kilisoma kwa mwendo wa mtu anayejifunza kusoma. Kuchonga ua moja la ukubwa wa kiganja kulichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nakaa pale nikitikisa goti mpaka meza nayo inatikisika na ua linaharibika. Kwa kazi ya mchezo, nilivumilia. Halafu baba akaja kutoka Kilwa, na mchezo ukaisha.

Lazima kwanza niseme habari ya mama. Baba alikuwa amefanya kazi ya tanuru maisha yake yote, na alipopata pansheni walirudi na mama kwao Kilwa, si ile ya pwani, hii ya kando ya ziwa Mweru. Mama alifariki huko, katikati ya masika. Habari zilinifikia kwa fonia, ile redio ya kupigiana, ya misioni, siku mbili baadaye. Nilikwenda kwa shefu kuomba konje, ruhusa ya kwenda msibani. Akasema wiki ile haiwezekani, kazi imejaa, nirudi wiki ijayo tuone. Sikurudi. Niliwaambia ndugu, majirani na hata mke wangu kwamba nilikatazwa na kwamba barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Barabara ilikuwa mbaya kweli. Lakini watu wengine wa Kilwa walisafiri wiki hiyohiyo, wakalala njiani, wakasukuma lori, wakafika. Mimi nilikatazwa mara moja tu, nami moyoni nikashukuru, kwa sababu niliogopa kumwona mama amelala kimya mbele ya watu. Hilo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi, na hata sasa naliandika upesi ili nilipite.

Mwaka huohuo, mvua za kwanza zikinukia, baba alikuja Lubumbashi kufuatilia karatasi za pansheni yake. Alipanda lori la wauza samaki, na lori hilohilo ndilo lingemrudisha baada ya wiki tatu. Siku ya tatu, tukiwa mezani, alisema kwamba msalaba wa mama ni wa mbao, kwamba rangi imeshatoka, na kwamba mchwa wameanza kuula kutoka chini. Alisema hivyo tu, akaendelea kumega bukari, ugali wetu. Mimi nikadakia. Nikamwambia asihangaike, nitachonga bamba la shaba, shaba nzito isiyoliwa na mchwa wala mvua, jina la mama juu, miaka yake katikati, na chini mstari mmoja: Wanao tunakukumbuka. Ataondoka nalo. Baba alimaliza tonge lake, akasema sawa.

Shaba nilikuwa nayo, bamba moja nene la ukubwa wa kitabu. Nililisugua pande zote mbili mpaka likang'aa. Kisha nikakaa jioni nne na karatasi ya miraba, nikihesabu hatua za kila herufi, nikitoboa utepe kwenye kibodi ya teleksi. Nilipomaliza kujumlisha, nikaona kwamba kwa mwendo ule kazi ingechukua saa kumi na moja. Katika kambi yetu, msimu wa radi, nani alishawahi kupata umeme saa kumi na moja mfululizo? Na umeme ukikatika katikati ya herufi, mota zinalegea, meza inasogea, na hapo tena hujui ulikuwa wapi. Dereva wa lori naye alikuwa ameshasema: Jumapili saa tisa mchana, Ruashi, pembeni mwa mji, na mvua kubwa ikianza asitafutwe tena mpaka mwezi wa tano. Kwa hiyo ilinibidi kuziongezea mota mwendo.

Kwanza nilifanya kama mjinga. Nilifungua kisomaji, nikabadilisha meno yake ili utepe ukimbie mara tatu zaidi, nikawasha. Mota hazikwenda popote. Zililia, zikatetemeka palepale kama mtu mwenye malaria, na meza haikusogea hata unywele. Nilizipiga kofi. Kweli, nilizipiga kofi, na mke wangu aliyekuwa akianika nguo uani akaniuliza kama zimenijibu.

Sababu niliijua, ila hasira ilikuwa imeifunika. Ndani ya mota kuna waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme unahitaji muda kuujaza. Ukipiga polepole, unajaa na mota inapata nguvu ya kuvuta. Ukipiga haraka, kabla haujajaa pigo limeshapita, na mota inabaki na njaa. Dawa yake ni kuusukuma umeme kwa nguvu zaidi, halafu kuweka rezistansi ya kuubana njiani ili mota isiungue. Nikatafuta transfo kubwa kutoka kwenye redio ya zamani ya meli. Nikapata rezistansi nne nene kama vidole gumba. Zilipata moto kiasi kwamba mke wangu alitaka kukaangia karanga juu yake.

Hapo zikaanza kukimbia, lakini zilijikwaa mwanzoni. Kitu kizito hakitoki kimya na kukimbia mara moja, hata treni inavuta pole kwanza. Nikarudia utepe wote, mita kwa mita. Kila mwanzo wa mstari na kila kona niliacha nafasi zisizo na matundu, nyingi kwanza, halafu chache, ili mota ianze kwa kutembea ndipo ikimbie, na kabla ya kona irudi kutembea. Kwenye kisomaji nikaweka kitufe cha kuzungusha ili niongeze au nipunguze mwendo kwa mkono. Jioni zote za wiki mbili zilikwenda huko. Sikula vizuri, niligombana na kila mtu. Jirani mmoja, mama kutoka Kasai aliyekuwa akiuza vitenge, alikuja mara tatu mlangoni kulalamika kwamba nikiwasha mitambo yangu redio yake inakwaruza na hasikii chochote. Mara ya tatu nilimwambia anunue redio nyingine. Aliondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo salamu yake ikawa ya kuinua kidevu tu.

Baba alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumba kile, kofia yake magotini, akitazama. Hakuuliza mengi. Siku moja tu, nilipokuwa nashangilia kwamba nimeongeza tena mwendo, aliuliza kama ncha inafika salama inakokwenda, maana kule tanuruni walikuwa na kijana mmoja aliyependa kuwahi na sasa ana vidole saba. Nikacheka. Sikupenda lakini nikacheka.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa salongo. Kila asubuhi ya Jumamosi avenyu nzima ilitoka na majembe na mafagio kusafisha mitaro, na mtu wa chama alipita na daftari kuandika nani hayupo. Mke wangu alimwambia kwamba mimi ninaharisha, akafagia kwa watu wawili. Mimi nilijifungia na mashine. Na asubuhi hiyo ilikuwa tamu jamani. Niliweka kipande cha shaba chakavu, nikachora nukta ndogo, nikaamuru ncha itoke kwenye nukta, izunguke huku na huko, irudi. Ikirudi juu ya nukta ileile, hakuna hatua iliyopotea. Ilirudi. Nikaongeza mwendo, ikarudi. Nikaongeza tena, nikaongeza mpaka utepe ulipokuwa unavuma, na bado ncha ilirudi juu ya nukta kama mbuzi anayejua kwao. Kazi ya saa kumi na moja ilikuwa imeshuka mpaka saa mbili na nusu. Nikatia alama ya kalamu nyekundu kwenye kitufe: hapa ndipo. Nilitoka nje nikiimba, nikakutana na mtu wa chama, nikakumbuka kushika tumbo.

Jumapili niliamka nikiwa tayari, na umeme haukuwapo. Ulikatika usiku na haukurudi saa moja, wala saa mbili, wala saa tatu. Nilizunguka uani mpaka mke wangu akaniambia nitachimba mtaro. Alienda misa ya kwanza akarudi, nikiwa bado nazunguka. Baba alifunga mzigo wake. Saa tatu na nusu balbu ikawaka, nikaruka. Nikafunga bamba, nikapaka mafuta ya taa ili shaba isigande kwenye ncha, nikazungusha kitufe mpaka kwenye alama nyekundu. Ikaanza. Jina la mama likaanza kutokea herufi baada ya herufi, safi. Nikasema moyoni, mama, unaona, sikukusahau.

Ilikuwa imemaliza jina na kuingia kwenye miaka, saa tano hivi, niliposikia sauti imebadilika. Mota ilikohoa. Halafu tena. Nikatazama: tarakimu ya pili ilikuwa imeegemea ya kwanza, na ya tatu ilikuwa imepanda juu ya mguu wa herufi. Nikazima kila kitu. Ilikuwa imepoteza hatua, na ikishapoteza hatua haijui kwamba imepotea, inaendelea kuchonga kwa uhakika uleule mahali pasipo pake. Mstari wote ulikuwa umeharibika. Niliapa maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya baba.

Nilikagua waya, nikagusa rezistansi, nikapuliza vumbi kwenye kisomaji. Hakuna kitu. Mashine ilikuwa ileile ya jana, kitufe kilikuwa kwenye alama. Mke wangu ndiye aliyeinua macho. Alisimama mlangoni, akatazama balbu iliyokuwa juu ya kichwa changu muda wote huo, nayo ilikuwa ya njano kama yai.

"Ni bukari, baba wa batoto. Bamama banarudia ku misa, kila muntu anawasha resho."

Nilitaka kujipiga kichwa ukutani. Umeme wa kambini tulipewa na kampuni bila kupimiwa, kwa hiyo nyumba zote zilipikia resho za umeme, na saa za kupika umeme wa avenyu nzima ulichoka. Mtoto mdogo alijua hilo. Na mimi, fundi, niliipima mashine yangu asubuhi ya salongo, wakati wanawake wote wa avenyu walikuwa mtaroni na hakuna hata resho moja iliyowaka. Nilipima nguvu za siku moja tu katika wiki nikaziamini kwa siku zote.

Bamba lilikuwa na upande wa pili. Ule tu. Saa zilizobaki kabla ya lori zilitosha kwa mwendo wa alama nyekundu, hazikutosha kwa mwendo mwingine wowote. Ningepunguza kitufe, lori lingeondoka bila bamba. Ningekiacha, mota zingejikwaa tena, na Jumapili watu wanapika mpaka saa nane. Mke wangu alisema atapita kuwaomba kina mama wazime resho. Nikamkatalia. Nilisema siwezi kuwaomba watu walale njaa kwa ajili ya mchezo wangu, na nilikuwa nawaza kidevu cha yule mama wa vitenge. Alinijibu kwamba yeye haendi kuomba kwa ajili yangu, anaenda kuomba kwa ajili ya mama mkwe wake, akajifunga kitenge akatoka.

Niliyoyasikia baadaye ni haya. Alianza nyumba ya yule jirani, kwa sababu alijua akikubali huyo watakubali wote. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza marehemu ni nani na alizikwa lini. Halafu akaingia jikoni, akatoa sufuria yenye maji yaliyokuwa yameanza kuchemka, akazima resho yake mbele ya macho ya mke wangu.

"Bukari inaweza kungoya," alisema. "Ule mufu ameisha kungoya sana."

Akatoka naye. Walipita pamoja nyumba kwa nyumba, upande wa kushoto kisha wa kulia. Mimi niliona balbu tu. Ilikuwa njano, ikawa njano kidogo, halafu ikaanza kuwa nyeupe. Nilipochungulia nje, moshi ulikuwa unapanda mbele ya kila mlango: wanawake wametoa mbabula, majiko yao ya mkaa, wanapepea makaa kwenye jua la saa sita wakiwa bado na nguo zao za kanisani. Watu ambao nimewakwaruzia redio zao mwaka mzima walikuwa wananipikia umeme.

Nikageuza bamba. Nikaweka utepe mwanzoni, nikazungusha kitufe. Saa zote mbili na nusu nilisimama na jicho moja kwenye ncha na jingine kwenye balbu, mkono karibu na swichi, bila kukaa, bila kunywa maji. Jina likapita. Miaka ikapita, tarakimu zimesimama wima kama askari. Saa saba baba alikuja kuniambia anatangulia Ruashi apate nafasi ya mbele, na mke wangu akachukua mfuko wake amsindikize. Hakutazama bamba. Ilipofika neno la mwisho nilikuwa naomba kwa sauti. Ncha iliinuka, ikarudi polepole kwenye nukta ya mwanzo, ikatua juu yake sawasawa. Nikapiga ukelele mmoja, na nje mtu akauliza kama tayari wanaweza kuwasha.

Nilifuta mafuta, nikafunga bamba katika kitenge, nikalifunga nyuma ya baiskeli. Sikumbuki njia. Nakumbuka daraja la Naviundu, kwa sababu nilimkosakosa mbuzi pale, na nakumbuka mawingu meusi upande wa mashariki. Ruashi lori lilikuwa bado lipo, limejaa magunia ya unga na watu juu ya magunia, na injini ilikuwa inanguruma. Mke wangu alinipungia mkono. Baba alikuwa amesimama chini, kando ya gurudumu.

Nilifungua kitenge nikampa. Baba alilishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba juu ya jina, herufi moja moja, kama watu wa tanuru wanavyopima shaba iliyopoa. Alisoma mpaka mstari wa chini. Macho yalimlengalenga, akasema iko muzuri, iko muzuri sana. Nikasikia jasho lote la wiki mbili limelipwa. Kisha akalifunga tena katika kitenge, taratibu, akanirudishia.

"Hii utapeleka weye mwenyewe," alisema.

Nilidhani hakuelewa. Nikamweleza kwamba nimelifanya haraka ili aondoke nalo, kwamba lori linaondoka sasa hivi, kwamba mvua inakuja. Nikamweleza kwamba kesho ni kazi na sina konje. Niliongea sana. Baba alingoja mpaka nikaishiwa.

"Ku kilio pia ulisema kazi. Bantu banaulizaka, mutoto mukubwa iko wapi? Nilidanganya bantu juu yako, pale mbele ya mama yako. Sitadanganya tena." Akaninyooshea kidole kile kilichopita juu ya herufi. "Mama yako hakuzalaka mashini."

Kumbe alijua. Alijua tangu ile siku ya kilio, alijua alipokaa kwenye kigoda akinitazama nikiongeza mwendo jioni baada ya jioni, na aliningoja. Nilitaka kukasirika, ndiyo njia yangu, lakini hasira haikuja. Nilimtazama mke wangu. Yeye tayari alikuwa ameshashika usukani wa baiskeli.

"Panda," alisema. "Kesho asubui nitaenda kwa shefu yako miye mwenyewe."

Nilipanda na shati langu lenye mafuta ya taa. Tulitumia siku nne. Mvua ilitukuta usiku wa kwanza, na tangu hapo tulisukuma kuliko tulivyopanda. Kila tulipokwama nilishuka wa kwanza, nikapiga kelele, nikaweka matawi chini ya magurudumu, na dereva akaniambia nitulie, barabara hii haiogopi mtu. Magunia yalilowa. Mwanamke mmoja alitugawia samaki mkavu. Siku ya tatu niliacha kuuliza tutafika saa ngapi. Kazini, baadaye, nilisimamishwa wiki mbili bila mshahara na nikapewa barua ya onyo, na shefu hakunipa tena boni ya kitu chochote cha kutupwa.

Kaburi la mama liko juu kidogo, mahali unapoona ziwa. Sahani zake mbili za bati zilikuwa zimewekwa upande wa kichwa, zimetobolewa kama desturi, na msalaba ulikuwa umeinama. Ndugu za baba walikuja, wakasimama nyuma. Baba alikanda udongo na saruji kidogo aliyoiazima misioni, akaweka jiwe, akanionyesha mahali. Nilipiga magoti nikalisukuma bamba mpaka likashika. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, siku nne nzima niliyatayarisha, na yote yakanipotea.

"Mama," nikasema, "nimechelewa."

Halafu nikalia, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, kwa sauti, mbele ya watu wote wale ambao walikuwa wameuliza niko wapi. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Baba alichukua ndoo akashuka ziwani kuteka maji ya kunawa mikono, na alichukua muda mrefu kurudi.